Mdomo wa Kiema

…na sasa mdomo uko wazi na haufungiki, mdomo wa Kiema, ule ule unaonadi mbuzi Sultan Hamud mpaka madereva wa malori wanapunguza mwendo wasikie, leo umelaliwa na kijiti cha mbao na hautoi hata salamu, na yote ni kwa sababu ya susu yake, nyanya Syombua aliyemlea, mwenye kidonda ndani ya shavu kisichopona tangu mavuno, ambaye amefika hapa kanisani Matiliku, penye kambi ya matibabu, na kukataa kata kata kumfungulia daktari kinywa, "Afungue kwanza huyu wa maneno mingi," akasema, na Kiema, nani wa kumtisha, akajitupa kitini, daktari, angalia hii meno ya simba, ukipata pengo nakupea mbuzi, watu kwenye mabenchi wakavunjika mbavu, daktari Kasiva naye akacheka, akawasha tochi, akaacha kucheka… "Nthiwa, kuja uone," anamwita nesi, "hapa kushoto, hii nyeupe, nikifuta haitoki"… kushoto, amejuaje kushoto, alipouliza mwanzoni kama anatumia tumbaku Kiema alijibu, mimi? sigara haijawahi kugusa hii mdomo, na si uongo, sigara ni ya wajinga, inanuka, lakini ugoro nani aliuuliza, kidonge kidogo tu chini ya mdomo, cha kumweka macho siku ya mnada, alikitema nyuma ya choo kabla ya kuingia, akasukutua na soda, kumbe soda haioshi kitu… daktari anaongea polepole kama mtu anayechambua maharagwe, "Mimi nilianza na kukata tu, Kiema, taya, ulimi, shingo, watu wa Kitui, watu wa Makueni, wananifikia wamechelewa, wengine nawarudisha nyumbani wazima lakini bila sauti, nikachoka, nikaanza kuuliza kila mtu, unaweka wapi? Utafiti wangu wote ni hapo, mtu akinionyesha anapoweka ugoro, najua kidonda kiko wapi kabla hajafungua mdomo"… bila sauti, anasema hivyo kama mtu anayesema bila sukari, na Nzau je, Nzau aliyenadi kabla yake, alirudi kutoka hospitali na tundu kooni, siku hizi anauza kamba mnadani kwa kuinua vidole, na Mursal anayenunua mbuzi za kupeleka Nairobi alimwambia Kiema siku moja, kijana, shamba lako ni huo mdomo, lichunge, Kiema akamjibu kwa mzaha, mzaha gani sasa hata haukumbuki… "Kwa macho siwezi kusema ni nini, nitatoa kipande kidogo nipeleke maabara, lakini nakuuliza tena, na usiongee, utaniuma. Unatumia?"… kutikisa kichwa ni rahisi, atikise tu, atoke simba vile alivyoingia, ila nyuma yake fimbo ya susu inagonga sakafu, tok, tok, anamjua, yule anangoja kijana akane ili naye akane, achukue mzigo wake, arudi nyumbani na kidonda chake, na huko hakuna mdomo wa kumbembeleza arudi tena… ajabu, kidole chake kimepanda chenyewe, kimegusa mdomo wa chini, kushoto, hapo hapo, "Kumbe!" anasema susu, "Ndio maana mkebe wangu wa ugoro unaishanga mbio! Mwizi wewe," na kanisa linacheka tena, kijiti bado kiko juu ya ulimi wa Kiema, tochi bado inawaka, na fimbo imeacha kugonga, anachosikia ni susu akivuta kiti kingine sakafuni, polepole, kuja karibu na chake…