Jina la Muchangi kwenye Wimbo wa Handaki

Muchangi alipigwa risasi kwenye maandamano mjini Embu. Alikuwa fundi wa simu, na jioni alipenda kupiga gitaa huku binamu yake Lorna akiimba. Lorna alimtungia wimbo wa kumuaga, lakini asubuhi ya mazishi mzee wa kanisa aliyeongoza shughuli alimwita kando.

"Wimbo wako tumeutoa. Tuna wageni wakubwa wa serikali leo. Tuimbe za Mungu tu, siasa tuache."

Lorna alirudi akaketi karibu na nyanya yao, Cucu Wambeti, machozi yakimtoka.

"Amekukataza?" Cucu aliuliza.

"Ndio."

"Basi nishike niinuke."

Nani angemnyima bibi wa umri ule nafasi ya kumuaga mjukuu wake? Mzee wa kanisa alimpa maikrofoni.

"Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, nilikuwa msichana mdogo," Cucu alisema. "Tulilazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu, ili ndugu zetu waliokuwa ndani wakipigana na mkoloni wakose chakula. Tukakatazwa kuwalilia waliouawa. Basi tuliwaimba tukichimba, mmoja mmoja kwa jina. Askari walidhani tunajitia nguvu ya kazi."

Akaanza kuimba kwa Kiembu, sauti ikikwaruza. Alimtaja Kivuti, kaka yake aliyefia msituni. Kisha akamtaja Muchangi.

Jedidah, mama yake Muchangi, hakuwa amesema neno tangu mwili uletwe. Alisimama akaitikia, na akina mama waliokuwa wakipakua chakula wakaacha miiko, wakaitikia naye. Wageni wakubwa walitazama chini. Mzee wa kanisa alipiga hatua moja kuelekea maikrofoni, akasita, mwishowe akavua kofia na kuishika kifuani.

Watu walipoondoka, Lorna alimkanda Cucu miguu kwa maji ya moto.

"Mbona hukuwahi kutuimbia huo wimbo?"

"Mlikuwa watoto. Nilitaka mlale vizuri."

Lorna aliomba afundishwe. Aliujaribu ubeti wa kwanza, na Cucu akacheka hadi akashika mbavu.

"Hicho Kiembu chako cha mjini, Muchangi angekikimbia."

Lorna naye akacheka, akalia kidogo, akaegemea bega la nyanya yake.

"Sema polepole," Cucu alimwambia. "Nifuate mimi."