Chokaa ya Uwanja wa Wanawake

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama kwenye uwanja wa mpira wa pete wa chuo chetu, nimeshika mpira, na mpira unaongea.

Kabla ya kulala nilikuwa nimenawa miguu na kusali. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: chokaa. Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya jioni, nina wajukuu, na ni mlinzi wa goli wa timu ya wanawake. Jumamosi wanakuja wageni kutoka chuo jirani, nao uwanja wetu hauna mstari hata mmoja. Chokaa yote huishia kwenye uwanja wa wanaume. Mwamuzi ameshasema: bila mistari hakuna mechi, na tusipocheza tunafutwa kwenye mashindano.

“Mama Lusajo,” mpira unasema, huku ukivuja upepo, “kanuni unaijua. Aliyenishika hatembei, wala hanishiki zaidi ya sekunde tatu. Mguu mmoja unakita, mwingine unazunguka.”

“Naijua. Lakini nataka kukupeleka kwa Mwalimu Kibona, mlezi wa michezo, akuone ulivyochakaa.”

“Basi nipeleke bila kutembea.”

Najaribu kuinua mguu wa kulia. Umeota mizizi. Wa kushoto uko huru.

“Ee Bwana,” nasema, “nitautumia huohuo.”

Nazunguka. Nikimaliza kuzunguka, uwanja umekuwa ukumbi wa mikutano. Mwalimu Kibona amekaa mwisho wa meza yenye urefu wa uwanja. Kando yake limekaa gunia la chokaa, limevaa tai.

“Nani huyo anazunguka?” gunia linauliza.

“Mama mmoja wa jioni,” anajibu Mwalimu Kibona. “Mama, hapa tunajadili michezo.”

“Ndicho kilichonileta, mwalimu.”

“Michezo ni mpira wa miguu. Nyie mnanyoosha viungo.”

“Nahodha wetu Atupele alivunjika kidole akinyoosha viungo?”

Gunia linakohoa. Vumbi jeupe linalitoka puani. “Mimi ni chokaa ya wanaume. Nimeandikwa mgongoni.”

“Hebu geuka,” nasema.

Linageuka. Mgongoni limeandikwa: Chokaa. Basi.

Mwalimu Kibona anavaa miwani. “Kumbe,” anasema. “Hata hivyo, hoja lazima ifike mbele yangu. Ilete.”

“Moja,” mpira unahesabu mikononi mwangu. “Mbili.”

Atupele amesimama juu ya meza, amevaa jezi kuukuu ya wanaume inayomfika magotini.

“Mama, toa! Unasubiri askofu aje kuubariki?”

Natoa. Anadaka, naye anaota mizizi palepale. Anamrushia Tusekile, Tusekile anamrushia mwenzake. Timu nzima imejipanga mezani, kila mmoja amekita mguu mmoja, hakuna anayetembea, na mpira unakwenda. Unatua mapajani mwa Mwalimu Kibona.

Anasimama atoke nje. Mguu wake wa kulia umeota mizizi.

“Nifungueni!”

“Toa pasi, mwalimu,” nasema.

“Nimpe nani?”

“Mpe jirani yako hapo.”

Anamrushia gunia. Gunia linadaka kifuani, linapasuka. Chokaa inamwagika sakafuni, inaanza kujichora yenyewe: mstari wa pembeni, duara la kati, nusu duara la goli. Tai imebaki kwenye kiti. Chokaa inafika miguuni pangu, inasimama.

“Mama, inua mguu nipite.”

“Siwezi. Huu ndio nimeukita.”

“Siwezi kupinda. Mimi ni mstari.”

“Basi pita juu yake.”

Inapita. Ni ya baridi.

Kengele ya kanisa ikaniamsha. Niliteremsha miguu kitandani ili nipige magoti. Wa kushoto ulikuwa safi, kama nilivyounawa. Wa kulia ulikuwa na mstari mweupe, umenyooka, umekatiza juu ya vidole.

Sikuufuta. Nilimshukuru Mungu, nikavaa ndala, nikaenda uwanjani kuangalia mstari ule unaendelea wapi.