Ijumaa Iliyobeba Siku Tatu

Nilioa kwa kosa la makaratasi, na mke wangu husema hilo ndilo jambo pekee nililowahi kulikosea vizuri.

Tulifanya kazi mtaa mmoja. Mimi nilikuwa karani wa Ghala la Hisa, na usidhani ni ghala la magunia. Hisa hazina uzito wala harufu. Kitu pekee zilicho nacho ni mwenyewe. Mtu akiuza hisa zake, soko hupiga kengele na kwenda kula, halafu sisi ndio tunaobaki kuhakikisha hisa zimetoka kwa huyu zikaingia kwa yule, na malipo yametoka kwa yule yakaingia kwa huyu, vyote kwa mpigo, asiwepo wa kutangulia. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Ukiuza Jumatatu, unakamilishiwa Alhamisi. Kwa nini tatu, hakuna aliyejua. Nadhani aliyeanzisha alikuwa anakaa mbali na ana mguu mbovu.

Siku za katikati karatasi za mauzo zililala kwenye kabati la kijani tuliloliita Kabati la Kungoja. Aliyegundua kosa aliruhusiwa kuleta karatasi ya njano ya kughairi kabla ya jioni ya siku ya pili baada ya mauzo. Tulizibana mbili hizo kwa pini, mambo yakaisha, na hakuna aliyenuna.

Hesabu hiyo ilituingia damuni. Mwenzetu mmoja alitukanwa Jumatatu, akakasirika Alhamisi. Dalali mmoja aliambiwa na daktari kwamba ana homa, akauliza itaanza kutumika lini.

Sasa huyu mke wangu. Alikuwa karani wa dalali wa ng'ambo ya barabara, na mtaani aliitwa Kalamu Nyekundu, kwa kuwa alisahihisha kila kilichopita mbele yake, pamoja na bango la kinyozi. Nilimpenda siku aliponirudishia fomu yangu ikiwa na duru kumi na nne. Ujasiri wa kumwambia kwa mdomo sikuwa nao. Nikachukua karatasi ya mauzo nikajaza: bidhaa, kijana, idadi, mmoja, hali, ametumika kidogo. Nikaichomeka katika furushi la ofisi yao. Ikarudi mchana uleule ikiwa na sahihi na neno moja, "Nimenunua." Nusura nidondoke kitini. Keshokutwa yake ikafuata ya njano: "Nimeghairi. Bidhaa ina madoa ya wino."

Ukawa mchezo wetu. Kila nilipouza alinunua, na kila siku ya pili alighairi kwa mwandiko wa kupendeza. Muuzaji anatafuna kwa sauti. Muuzaji amevaa soksi mbili zisizojuana. Mara kumi na moja. Karatasi zote zilikutana kwenye Kabati la Kungoja, nami nikazitoa kimyakimya kabla Bi Mizani hajaziona.

Bi Mizani alikuwa mkuu wetu, na mambo yote yalikamilika mezani kwake. Alifunga vifungo vyake vyote, mpaka cha shingoni, na alipopiga mhuri, kuku wa nyumba ya tatu walitaga bila kupanga. Kwake karatasi haikuwa na mzaha ndani yake. Ikishaingia kwenye trei yake, ilikuwa karatasi.

Ndipo ukaja waraka. Kuanzia wiki fulani, siku tatu zingekuwa moja: ukiuza leo, unakamilishiwa kesho saa nne asubuhi. Ulikuwa waraka wa kurasa arobaini. Mimi nilisoma wa kwanza na wa mwisho, nikaona nimeshauzingira.

Wiki hiyohiyo nikasikia kwamba Mhasibu wa Benki, jamaa mrefu mwenye pikipiki na viatu vinavyong'aa hadi unaona meno yako, ameanza kunywa chai ofisini kwa Kalamu Nyekundu. Nikaacha utani. Jumanne niliuza mara ya kumi na mbili, na safari hii niliongeza mstari: "Atakabidhiwa pamoja na mzee wake mmoja, tayari kujitambulisha kwa mama wa mnunuzi." Ikarudi. "Nimenunua." Nikaiweka kabatini kama kawaida yangu, chini kabisa.

Jumatano asubuhi nilikuta Bi Mizani amelimwaga Kabati la Kungoja lote mezani kwake, na kabati lenyewe amelielekeza ukutani kama mtoto aliyekosa adabu.

"Hakuna tena kungoja," alisema.

Nilitaka kusema kitu kuhusu karatasi moja ya chini, lakini mdomo wangu bado ulikuwa unafuata utaratibu wa siku tatu.

Alhamisi, kama kawaida, ikaja ya njano. Ila haikupitia kwangu. Ilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mizani. Aliisoma, akaisoma tena, akachukua mhuri ambao sikuwahi kuuona na kuubamiza. IMECHELEWA.

"Karani, hebu njoo. Jumanne umeuza kijana mmoja?"

"Bi Mizani, ule ulikuwa..."

"Nimeuliza umeuza au hukuuza."

"Nimeuza."

"Mnunuzi amejaribu kughairi leo. Kwa kanuni mpya, iliyoanza wiki hii kwa mauzo yote, kughairi mwisho ni jioni ya siku ya mauzo. Kwa hiyo mauzo yamesimama. Kesho saa nne, kaunta ya Ghala, bidhaa na mzee wake."

"Na nisipoleta mzee?"

"Umeshindwa kukabidhi. Na mwenye kushindwa, Ghala humtafutia mnunuzi mali ya aina hiyohiyo kwingine. Ukurasa wa ishirini na sita."

"Aina hiyohiyo ipi?"

"Kijana mmoja," alisema Bi Mizani, "mwenye mzee."

Nyuma yangu kwenye foleni mtu alikohoa. Nikageuka. Nilianza kuona viatu.

"Samahani kuingilia," alisema Mhasibu wa Benki. "Mimi baba yangu yupo hapa mjini. Tena ana nafasi kesho."

"Sogea mstarini," alisema Bi Mizani, lakini niliona ameandika kitu pembeni.

Nilivuka barabara mbio kiasi kwamba gari liliniomba radhi. Kalamu Nyekundu alikuwa anazungushia duru risiti ya maji.

"Umesikia?" nikamwambia.

"Nimesikia. Njano yangu imekataliwa."

"Sasa itakuwaje?"

"Wewe umeisoma?"

"Hapana. Ilipigwa mhuri kabla sijaiona."

"Niliandika sababu. Niliandika, muuzaji hajasoma waraka."

Nikakaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. Aliendelea na risiti yake.

"Nani alifundisha kanuni mpya kampuni zote za mtaa huu?" aliuliza.

"Nani?"

"Wiki mbili nzima, ukumbi wa juu, asubuhi na mchana. Hukuja hata siku moja."

"Ulikuwa wewe?"

"Kurasa arobaini nazijua kwa kichwa."

Polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, jambo likaanza kunipanda. Aliyejua kurasa arobaini kwa kichwa alileta karatasi siku ambayo alijua itakataliwa.

"Kwa hiyo ulijua..."

"Saa nne," alisema, na masikio yake yakawa na rangi ya kalamu yake. "Usichelewe. Mhasibu ni mtu wa kuwahi sana. Na mama yangu anafunga cherehani yake mara moja tu kwa mwaka, usimpotezee."

Mzee wangu alikuwa mmoja tu, Shangazi, aliyenilea. Mkunga mstaafu. Amepokea watoto elfu tatu, na hakuna hata mmoja aliyemharakisha. Nilimkuta mchana huo anapanga vitambaa.

"Kesho saa nne," alirudia. "Sasa hivi unaniambia?"

"Shangazi, zamani tungekuwa na siku tatu."

"Anafanya nini huyo binti?"

"Anasahihisha."

"Wewe?"

"Kila kitu."

"Alhamdulillahi, amepatikana," alisema Shangazi. "Nitakuja. Lakini usinihesabie dakika kama unapika mayai. Mtu hukutana na wakwe akiwa amevaa."

Ijumaa ilipambazuka ikiwa imebeba siku tatu mgongoni. Waraka ulipanga hivi: mauzo ya Jumanne, kwa siku tatu za zamani, yakamilike Ijumaa, ya Jumatano yapewe siku mbili, nayo Ijumaa, ya Alhamisi siku moja mpya, Ijumaa vilevile. Yote saa nne. Nilipoingia nilikuta karatasi zimejaa hadi usawa wa dirisha. Karani wa zamu alikuwa nyuma yake tangu alfajiri, tulimsikia tu. Meza ilijipinda katikati, na kalamu zikawa zinabingirika zenyewe kukutana, kana kwamba nazo zina mkutano.

Bi Mizani alizichukua karatasi kwa mpangilio wa rundo, kutoka juu. Yangu, niliyoificha chini kabisa kwa ujanja wangu wa miaka, ilikuwa ya mwisho. Namba elfu moja mia nne na kumi na mbili. Isipofikiwa kabla ya saa nne, nimeshindwa kukabidhi hata nikiwa nimesimama pale na ukoo mzima.

Sasa, madalali huwajui. Dalali hapitishi karatasi bila ugomvi. Atabishia tarehe, atabishia nukta, atabishia rangi ya wino wa karatasi ya mwenzake. Kwa kawaida karatasi mia nne zilitumaliza asubuhi nzima. Saa mbili na nusu tulikuwa tumefika mia mbili, nami nilianza kuagana na maisha.

Dalali mmoja mnene, sauti kama spika ya mnada, ndiye aliyechungulia chini ya rundo akaiona. Akaisoma kwa sauti.

"Kijana mmoja. Ametumika kidogo. Jamani, huyu si ndiye huyu hapa?"

"Nani mnunuzi?"

"Kalamu Nyekundu."

Kila mmoja wao alikuwa amewahi kuzungushiwa duru. Wakatazama saa ya ukutani, wakatazama rundo, wakatazama viatu vya Mhasibu, aliyekuwa amesimama mlangoni na baba yake kabisa, mzee mpole aliyeshika kofia.

"Namba mia mbili na moja," alisema dalali mnene. "Nakubali. Kosa ni langu. Piga."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu soko lifunguliwe, nilisikia dalali akikubali kosa, na aliyefuata akakubali lake kabla hajaulizwa, na wa tatu akakubali kosa la mwenzake. Mihuri ikaanza kulia kama mvua juu ya bati. Watu waliokuwa na ugomvi wa miaka mitano walikumbatiana ili kuokoa dakika. Nilibeba, nilisoma, nilipanga. Shati likanishika mgongoni, na feni ya dari, kwa ule upepo wa makaratasi, ikawa inazunguka kinyume. Mia tano. Mia tisa. Kuku wa nyumba ya tatu walimaliza mayai ya mwaka.

Saa nne kasoro dakika nne, Bi Mizani alishika karatasi iliyobaki.

"Namba elfu moja mia nne na kumi na mbili. Mnunuzi?"

"Nipo," alisema Kalamu Nyekundu. Sikujua ameingia saa ngapi. Alikuwa amevaa gauni la bluu, na mkononi hakuwa na kalamu.

"Mama wa mnunuzi?"

"Nipo," alisema mama mmoja mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni, akinipima kwa macho kuanzia mabega. "Na cherehani imekaa bure."

"Muuzaji na bidhaa?"

"Nipo," nikasema. "Mara mbili."

"Mzee wake?"

Watu wote waligeukia mlango. Mlangoni palikuwa na Mhasibu na baba yake. Barabara nyuma yao ilikuwa tupu.

"Mzee wake," alirudia Bi Mizani.

"Yuko njiani," nikasema. "Anavaa."

"Anavaa akiwa njiani?"

Dakika tatu. Mbili. Mhasibu akampa baba yake mkono, wakapiga hatua moja mbele. Sikuwa na la kufanya tena. Nilikuwa nimeleta nusu ya nilichouza. Nilimtazama Kalamu Nyekundu nione kama ananihurumia, na hakuwa ananihurumia. Alikuwa anahesabu kurasa kichwani.

"Bi Mizani," alisema. "Ukurasa wa thelathini na moja."

Bi Mizani hakuhitaji kufungua. "Mnunuzi anaweza kupokea pungufu, kwa hiari yake, kilichosalia kikaletwa baadaye. Ni kwa hiari. Hulazimishwi."

"Najua. Mimi ndiye niliyefundisha."

"Unapokea pungufu?" aliuliza mama yake.

"Mama, mtazame. Ungemsubiri akamilike?"

Mama alinitazama tena, safari hii kuanzia chini. Soksi zangu, namshukuru Mungu, zilikuwa zinajuana. "Nyonga imekaa sawa," alisema kwa kutafakari. "Mabega yatarekebishika."

"Napokea," alisema Kalamu Nyekundu, akiniangalia mimi na si Bi Mizani.

Mhuri ulipotua, saa ya ukutani ilikuwa inavuta pumzi ya kugonga. Madalali walirusha karatasi juu, kisha wakakumbuka ni za kwao wakaanza kuzigombania. Baba yake Mhasibu alinishika mkono akasema hajawahi kupata asubuhi nzuri kama hii, na kwamba mwanawe hakumweleza vizuri wanachokuja kufanya.

Saa nne na dakika kumi na moja mlango ulijaa. Shangazi alikuwa amevaa kila kitu alichokuwa nacho, na pale mtaani teksi ilikuwa bado inapumua. Aliitazama kaunta, akamtazama mwanamke wa tepu, akamtazama binti mwenye gauni la bluu kwa muda mrefu, kama anayeangalia mtoto ametoka na vidole vingapi.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza," alisema Bi Mizani. "Umeandikwa kilichosalia."

"Mimi kilichosalia?" Shangazi alivuta kiti, akakaa, akaweka mkoba magotini na kuufungua taratibu. "Haya, binti. Sogea hapa. Nianze kukueleza kasoro zake, maana zote huzijui, na leo sina haraka."

Kalamu Nyekundu aligeuka kwa dalali mnene, akamwomba kalamu.