Mama Mzazi wa Bibi Harusi

Minza alikuwa amezoea kulala macho wazi. Tangu tezi ya shingo ianze kumsumbua, macho yalikuwa yamemtoka hata kope hazikuweza kuyafunika. Majirani zake wa Chimala, aliolima nao mpunga miaka yote, siku hizi walimsalimia huku wakiangalia pembeni.

Alhamisi ile alikikunjua kitenge chekundu alichoshonewa kwa harusi ya bintiye, Prisca, akakiona kina rangi ya majivu. Akapanda basi kwenda hospitali Mbeya.

Dakta Tupokigwe alimziba jicho moja, kisha la pili, akamwonyesha kifuniko chekundu. Minza akasema hajui ni rangi gani.

"Mama, nyama za nyuma ya macho zimevimba, zinaubana mshipa wa kuonea. Nakulaza leo hii, tuanze dawa ya dripu. Isipotosha, tutapunguza mfupa macho yapate nafasi."

"Jumamosi namwoza binti yangu Iringa."

"Jumamosi utakuwa umechelewa."

Minza akatoka nje kumpigia Prisca. "Daktari anasema nisipolazwa leo nitapofuka."

"Madaktari wanapenda kutisha watu," Prisca akajibu. "Mama, kweli nifunge ndoa bila wewe? Vaa miwani nyeusi. Jumatatu nitakupeleka mwenyewe."

Yale maneno ya kwamba hawezi kufunga ndoa bila yeye yalimlainisha Minza. Daktari akamsihi tena, lakini alikuwa ameshaamua.

Ukumbini Iringa wakamkalisha nyuma kabisa, karibu na spika. Mshereheshaji alipomwita mama mzazi wa bibi harusi, Minza akainuka, akaanza kupapasa viti. Hakufika mbali. Kwenye ukungu wake akamtambua mdogo wake, Roza, amesimama mbele akikumbatiwa na wakwe, Prisca kamshika mkono.

Mwanamke mmoja wa kamati akamrudisha Minza taratibu. "Kaa tu, mama. Bibi harusi kasema usisumbuliwe."

Jumatatu simu ya Prisca haikupatikana. Maharusi walikuwa fungate. Minza akarudi Mbeya peke yake. Alitundikiwa dripu, halafu akafanyiwa upasuaji. Jicho la kushoto likaokoka. La kulia nalo lilirudi ndani vizuri, likapendeza kama zamani, ila halikuona kitu.

Fungate ilipokwisha, Prisca alikuja wodini. Alilia sana, kisha akajifuta, akamtazama mama yake.

"Lakini umependeza, mama. Huwezi kujua kama uliugua. Ukitoka twende Iringa, wakwe zangu wanataka kukufahamu."

"Mimi niende kama nani?"

Prisca akainamia mfuko wa matunda aliokuja nao.

"Mama yako walishamwona," Minza alisema. "Usiwachanganye."

Akageukia ukutani. Prisca alikaa kidogo, akaweka matunda kabatini, akaondoka. Minza hakumwita. Muuguzi alipopita na dawa ya matone akamkuta vilevile, akamwomba ageuke.