Mwanga Unaorudi

Dada Prudencia alikuwa akiongea na mwenzake kwa simu uani kwetu Ilemela, jioni. Anatafiti leza, mwale wa mwanga mkali unaochoma plazma, gesi ya moto kama wa jua, ili siku moja itupe umeme.

"Mwanga bado unarudi, unatupasulia vioo," alisema. "Tuuchanganye rangi, nguvu zake zitawanyike."

Jirani yetu Shimba, aliyezika mtoto juzi, alikuwa akipita na panga, akasikia neno moja tu: mwanga, yule mchawi wa usiku.

"Kumbe wewe ndiye unayemtuma!"

Panga lake likampasua Dada bega. Nikamlalia Dada kumkinga. Jiwe la jirani mwingine aliyekimbilia kelele likaning'oa meno.

"Mwanga wa taa, baba! Wa taa!" nikapiga kelele.

Shimba akainua panga tena. Dada akawasha tochi ya simu kuelekea kioo cha dirisha. Mwanga ukarudi, ukampiga Shimba machoni.

"Ni huu, baba," Dada akasema.

Panga likamponyoka.