Alama ya Njuki

Siku naibu mkuu wa shule, deputi Stephen Runji, alipopanda ngazi za jukwaa la asembli na kuwauliza wanafunzi wa Fom Tu ni nani kule sokoni angewauliza bei ya ndengu kwa Kifaransa, shule nzima ilicheka. Hata mpishi aliyekuwa akichambua maharagwe kando ya jiko alicheka. Joyline Wawira hakucheka. Alisimama mstari wa pili, mikono nyuma, akamkazia deputi macho mpaka vicheko vikaisha vyenyewe.

Runji hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu wa juu, wa Runyenjes, kwenye chai na kahawa, na tangu ahamishiwe huku chini Mbeere kwenye joto na vumbi alikuwa amejitwika kazi ya kuwahurumia watu. Huruma ya namna hiyo inauma kuliko matusi, maana ukitukanwa angalau unajua la kujibu. Kwa maoni yake mtoto wa huku alihitaji Kilimo, basi. Kwa hiyo bodi ya shule ilipotaka kupunguza masomo, yeye ndiye aliyetaja Kifaransa kwanza. Uamuzi ukawa huu: anayetaka kuendelea nacho Fom Thri alete fomu iliyotiwa sahihi na mzazi kabla ya Ijumaa saa nne. Asiyeileta anaingizwa Kilimo. Na kama hakuna hata fomu moja itakayorudi, Kifaransa kinafutwa pale shuleni.

Wanafunzi wa Kifaransa walikuwa kumi na mmoja. Jumanne walibaki sita, Jumatano wakabaki wawili, Joyline na Mbaka, rafiki yake wa tangu chekechea. Alhamisi asubuhi Mbaka naye akamwambia kwamba hawezi kuchekwa miaka miwili mizima kwa ajili ya somo moja. Joyline hakumlaumu, lakini siku hiyo hawakula pamoja.

Mwalimu wa somo lenyewe, Maxine, alikuwa msichana wa Mikinduri, wa juzi tu kutoka chuoni, aliyeajiriwa na bodi. Kifaransa kikifa angepewa vipindi vya Kiingereza, hivyo hakuwa na cha kuomboleza. Alimwita Joyline nje ya darasa akamwambia neno moja tu.

"Usibaki kwa sababu yangu. Ukibaki, baki kwa sababu yako."

Sababu alikuwa nayo, ila haikuwa ya kuandikwa kwenye ule mstari mfupi wa fomu ulioandikwa *Sababu ya kuchagua somo hili*. Hakuwa akiota ndege wala Ulaya. Nyumbani walizungumza Kimbeere. Kiswahili alikikuta shuleni, Kiingereza vilevile, na vyote viwili vilikuwa vigeni kwake na hakuna aliyemuuliza angevifanyia nini sokoni. Kila kimoja kilimfungulia watu ambao jana yake hawakuwapo. Sasa kilipofika cha tatu, ambacho alikipenda mwenyewe, ndipo wakubwa walipokumbuka bei ya ndengu. Mtoto wa Nairobi akisoma Kifaransa anaambiwa ana kipaji. Hilo ndilo lililomchoma Joyline, na kadiri alivyolifikiria ndivyo hasira ilivyompanda.

Tatizo lilikuwa baba yake. Njuki alikuwa mrina asali, mwenye mizinga ya magogo arobaini iliyotundikwa kwenye migunga kutoka nyumbani hadi Mto Thuci, na mtu wa maneno machache. Alimpenda binti huyu, ambaye alimpa jina la mama yake mzazi, mpaka akawa anamwita mama. Lakini alipoletewa fomu Jumatatu aliirudisha, na Jumatano akairudisha tena.

"Mama, lugha ya watu ambao hujawahi kuwaona utaiweka wapi?" aliuliza.

Joyline aliikunja fomu akairudisha mfukoni. Mama yake, Phyllis, alimwonya asishindane na baba, kisha akamwongezea ugali kwenye sahani bila kuulizwa, na Joyline akajua mama yuko upande gani.

Alhamisi hiyo aliporudi kutoka shuleni, baba alimtaka amsaidie kutundika mzinga mpya karibu na mto. Walienda, baba mbele na mzinga begani, Joyline nyuma na kamba na panga, fomu ikiwa imekunjwa mfukoni mwa sketi. Kabla hawajafika walikuta mzinga mkuukuu umeangushwa na upepo. Nyuki walikwisha kuuhama. Ubavuni ulichorwa kwa chuma cha moto duara lenye mistari miwili katikati, na hiyo haikuwa alama ya ukoo wao. Yao ilikuwa mistari mitatu na ndoana.

Njuki alitua mzigo wake. Aliuinua mzinga ule wa watu, akaufuta udongo, akauegemeza kwenye shina juu ya jiwe ili mchwa wasiufikie, akaufunika kwa matawi. Joyline aliuliza ni wa nani. Baba alimjibu kwamba ni wa Watharaka wa ng'ambo ya mto, na kwamba angewapelekea habari.

"Umejuaje, na si alama yetu?"

Hapo Njuki akakaa chini, akasimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia nyumbani. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini alijua alama moja tu, ya baba yake. Siku moja akiwa porini na njaa alikuta gogo limeanguka, lina michoro asiyoifahamu, naye akadhani ni kuni. Alilipasua akachomea mahindi. Siku ya tatu wenye mzinga huo walivuka mto pamoja na wazee wao. Alitozwa beberu mmoja na kibuyu cha asali, lakini kumpoteza beberu hakukumuuma. Kilichomuuma ni kukalishwa katikati ya watu na kuitwa mwizi, huku baba yake mzazi ameinamisha kichwa. Kiangazi chote kilichofuata alitembea na warina asali wa kila upande akijifunza alama za koo za karibu na za mbali, moja moja, mpaka akazimudu zaidi ya sitini.

Joyline alisikiliza, akaona mlango.

"Na wenye hizo alama, baba, ulikuwa umewaona?"

"Wengi sijawaona hadi leo."

"Basi ulijifunza alama za watu usiowaona, tena baada ya kulipa beberu. Mimi nataka kujifunza kabla."

Njuki aliinuka. Alifunga kamba kwenye mzinga mpya, akapanda mgunga, akamwamuru avute. Joyline alivuta mpaka viganja vikamwaka, mzinga ukapanda polepole na kukaa mahali pake. Baba alishuka, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Lete hiyo karatasi."

Alijua kuandika jina lake vizuri sana, maana alifika darasa la tano. Lakini alipopewa kalamu aliiweka fomu kwenye ubavu wa panga, akachora taratibu mistari mitatu na ndoana. Joyline alimwambia kuwa wanataka sahihi. Baba akamjibu kwamba hiyo ndiyo sahihi yake.

Ijumaa saa tatu na nusu, Joyline aliiweka fomu juu ya meza ya deputi. Runji aliigeuza huku na huku.

"Hii ni nini sasa?"

"Ni alama ya baba yangu, Mwalimu."

Runji alivua miwani. Alimweleza kwa upole kwamba mzazi huandika jina au huweka kidole gumba, kwamba mwanafunzi mmoja si darasa, kwamba yeye alikuwa akimtakia mema tu. Kisha macho yake yakaangukia ule mstari wa sababu. Joyline alikuwa ameujaza asubuhi hiyo: *Kwa sababu nakitaka.*

"Joyline, hii si reason."

"Mwalimu, huku kwetu ukikuta mzinga una alama usiyoijua, huugusi. Si lazima uielewe. Inatosha kujua una mwenyewe."

Veronicah, karani wa shule, mama wa hapohapo Mbeere aliyekuwa akijifanya anapanga faili, alikuja akachungulia juu ya bega la deputi.

"Hiyo ni ya Njuki," alisema. "Hiyo hata watoto wadogo wanaijua. Niweke stempu?"

Runji aliitazama ile michoro, yeye aliyekaa huku miaka minne bila kuuliza hata mmoja ulimaanisha nini. Mwishowe alimsogezea Veronicah fomu.

Jumatatu ya Fom Thri, Mwalimu Maxine aliingia darasani na rejista yenye jina moja. Upande wa pili wa ukuta walikuwa watu wa Kilimo, Mbaka akiwa miongoni mwao, na mtu fulani kule alikuwa ameshaanza kuchekacheka. Maxine aliita lile jina kama aitavyo mtu mwenye orodha ndefu.

Joyline alisimama, akaitika kwa Kifaransa, kwa sauti ya watu kumi na mmoja, mpaka kule kwenye Kilimo wakanyamaza.