Nzi Ndani ya Besi

Fundi cherehani yule watu walimwita Mama Pini, na jina halikumwonea. Kutwa nzima pini zilikaa mdomoni mwake, kazibana kwa meno ya mbele. Aliongea nazo, alicheka nazo, na ikibidi kugombana aligombana nazo. Mteja mgeni alidhani ana kigugumizi.

Lingine lililomfanya ajulikane ni udadisi. Ukipita dukani kwake na kifurushi, atakuuliza umebeba nini. Ukimjibu, atauliza kwa nini umekifunga kwa kamba ya bluu.

Sasa huyo ndiye aliyejitwisha tamasha la rege. Wanamuziki wa rege wa mtaa ule walikuwa wachache, na hawakuwa na pa kufanyia mazoezi. Walifukuzwa kwenye gereji, wakafukuzwa kwenye stoo ya saruji. Mama Pini akamwendea mwenyekiti wa ukumbi wa mtaa, akamganda kama kupe mpaka mzee wa watu akasalimu amri: Jumamosi alasiri ukumbi ni wao bure, na watu wakijitokeza, chumba cha nyuma kitakuwa cha mazoezi moja kwa moja. Kwa kuwa ukumbi haukuwa na viti, kiingilio kikawa kiti. Kila mtu aje na kiti chake.

Kila kitu kilikuwa tayari, ila besi. Na rege bila besi ni nyumba bila sakafu.

Mpiga besi pekee aliyekuwepo ni mdogo wake Mama Pini, mtu mzima mwenye mvi zake. Walimwita Bondeni, kwa sababu muziki wake ulikaa chini kabisa, wengine wakipanda vilima. Lakini Bondeni alikuwa amelitundika gitaa ukutani muda mrefu, na sababu yake ilikuwa ya ajabu.

"Kuna nzi, dada. Nikigusa noti ya chini, namsikia kama kanaswa kwenye chupa. Zzzz! Nikiacha kupiga, kimya."

"Na wenzako wanamsikia?"

"Hawamsikii. Ndiyo maana nikajua ni masikio. Yamekwisha hayo."

"Si daktari alisema masikio yako mazima?"

"Daktari amepiga besi lini?"

Mama Pini alimbembeleza, akamtishia, akamtajia marehemu mama yao. Mwishoni Bondeni akakubali kujaribu ukumbini, kabla watu hawajafika. Nzi akiwepo, asilaumiwe na mtu.

Jumamosi hiyo akaingia na gitaa mkono mmoja, na mkono wa pili kabeba kiti.

"Kiti cha nini, nawe ndiye mpigaji?" dada yake akauliza.

"Cha kukalia, nikishindwa. Nitasikiliza kama watu wengine."

Kile kiti kilimchoma Mama Pini kuliko maneno. Akajua mdogo wake kaja kuaga.

Jukwaani alikuwepo seremala, ambaye ndiye mpiga dramu. Spika kubwa za ukumbi alizitengeneza mwenyewe kwa mbao za makabati. Moja bado ilikuwa na tundu la ufunguo.

Bondeni akavaa gitaa, akagusa waya mnene. Sakafu ikaitika. Akauzima kwa kiganja.

"Yupo."

"Mimi sijasikia kitu," seremala akasema. "Labda ni mwenye kabati anadai nguo zake."

"Acha utani wako," Mama Pini akamwambia kutoka mlangoni. Akatoa pini mdomoni ili asikie vizuri, akaanza msako. Bondeni anapiga, yeye anashika kioo cha dirisha. Anapiga, yeye anashika komeo la mlango, bomba la maji, mabati ya feni. Seremala akakaza kila skrubu ya spika. Mama Pini hakusikia hata mbu.

"Basi, dada. Umejitahidi," Bondeni akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi.

Mama Pini akageuka. Kitambaa cha nyuma ya jukwaa kilikuwa hakijamaliziwa kubanwa, na mikono yake ingekosa kazi angelia. Akarudisha pini mdomoni, akapanda juu ya kiti cha Bondeni, ubavuni mwa spika.

"Sikia wewe mwenyewe," Bondeni akamwambia seremala. Akaupiga waya mnene kwa mara ya mwisho.

Zzzz!

Mama Pini nusura aanguke. Nzi alikuwa ndani ya kichwa chake.

"Tena!" akasema kwa meno yaliyobana pini. Zzzz. Akatoa pini. "Tena!" Kimya, besi tupu. Akazirudisha: zzzz. Akazitoa, akazirudisha, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Akashuka, akamsogelea mdogo wake na kumkazia macho mdomoni.

"Hilo jino la bandia ulianza kuvaa lini?"

"Si kwenye harusi ya binti yangu. Jino linaingiaje hapa?"

"Na nzi alianza lini?"

Bondeni akaligusa jino kwa ulimi, likacheza kidogo. Seremala akaweka fimbo za dramu chini, maana kicheko kilikuwa kinamzidi.

"Litoe," Mama Pini akasema.

Bondeni akageukia ukuta kama anayebadilisha shati, akalitoa, akalifunga kwenye leso. Akapiga. Akapiga tena, kisha akashuka na wimbo mzima hadi mwisho, macho kafumba.

"Ameondoka," akasema. Halafu akaziba mdomo kwa mkono. "Lakini siwezi, dada. Wakwe zangu wanakuja. Jino hili nilivaa kwa ajili yao."

Mama Pini alikuwa na maneno mengi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akayameza.

Watu wakaanza kuingia. Wapo waliokuja na stuli, wapo waliokuja na sofa la watu wawili. Kinyozi alikuja na kiti chake cha kuzunguka. Bondeni alisimama nyuma na gitaa lake, midomo kaikaza kama bahasha. Mwenyekiti, asiyejua lolote, akamkabidhi kipaza sauti.

"Mzee wetu, tutajie wanamuziki!"

Ukumbi ukatulia. Bondeni akaitazama leso mkononi, akatazama safu ya mbele walipokaa wakwe, akamtazama dada yake. Mama Pini akajiuliza: hivi atafanyaje? Hakuweza hata kukisia.

Bondeni akaitia leso mfukoni.

"Karibuni nyote," akasema, na upepo ukapita palipokuwa na jino.

"Baba, pengo!" binti yake akapiga kelele, akacheka. Mkwe mkubwa akacheka pia, akafunua mdomo: naye alikuwa nalo, pana kuliko la Bondeni. Bondeni akacheka kwa mdomo wote, na kicheko hakijaisha akaushusha mkono kwenye waya mnene.

Wimbo wa pili haujafika kati, viti vilikuwa vitupu, watu wote wamesimama. Mwenyekiti alikuwa anacheza huku anahangaika kuchomoa ufunguo wa chumba cha nyuma kwenye kishada chake.

Mama Pini peke yake hakucheza. Alisogea taratibu hadi ubavuni mwa spika yenye tundu la ufunguo, akachagua pini moja, akaibana kwa meno, akainamisha kichwa kumsikiliza nzi.